Anayeondoka Kanisani na Wale Wanaobaki



Wapendwa waamini, juma hili naomba tulitafakari jambo ambalo sisi wakazi wa chini ya Mlima Meru tunaliona kila siku, tukalizoea hata tusilitazame tena. Ukitoka Usa River kuja mjini Arusha kwa barabara kuu, ukapita Tengeru na Kwa Mrefu, kisha ukavuka mji na kuendelea Sakina hadi Ngaramtoni, hebu hesabu mabango ya makanisa. Yapo makanisa ya kale yenye minara, na yapo ya juzi tu: turubai, viti vya plastiki, spika mbili, na bango lenye picha ya mchungaji na mke wake. Karibu kila turubai la namna hiyo lina historia ya mtu aliyekuwa mahali pengine kwanza. Alikuwa mwinjilisti, au mwalimu wa kwaya, au mchungaji msaidizi. Siku moja akaondoka, akaanza upya.

Sisi Wakatoliki tumezoea kulizungumza jambo hili kwa namna mbili. Ama tunalicheka, hasa pale mwanzilishi anapojipa cheo cha nabii kabla turubai halijalipiwa. Ama tunasema kwa huzuni kwamba fulani “amepotea”, na mazungumzo yanakwisha. Naona namna zote mbili ni kukwepa. Kuhusu nani ana haki katika mambo ya imani, Kanisa limekwisha kusema, nami nimewekewa mikono nilifundishe. Lakini kuna swali lingine ambalo hatuliulizi, nalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua mambo kwa miaka mingi ijayo: huyu aliondokaje, na waliobaki walimwachaje aende?

Nalisema hili nikiwa Meru, mahali ambapo swali hilo liliwahi kuulizwa kwa damu. Wazee wanalikumbuka vizuri, ila hawapendi kulisimulia. Vijana wengi waliozaliwa baadaye hawalijui kabisa.

Kanisa la jirani zetu Walutheri ndilo kongwe kuliko yote mlimani hapa. Wamisionari wawili wa Shirika la Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri mwaka 1896, wakauawa mwezi Oktoba mwaka huo huo. Wajerumani wakalipiza kisasi kwa ukatili mkubwa, na kazi ya misioni ikasimama. Ni mwaka 1902 tu ndipo wamisionari waliporudi na kuanza upya pale Nkoaranga. Basi Injili katika Meru ilianza mara mbili, na ule mwanzo wa pili uliwakuta watu wenye majeraha mabichi pande zote. Hata hivyo ukashika mizizi, kiasi kwamba leo ukisema Mmeru Mkristo, watu wengi hufikiri kwanza Mlutheri.

Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yaani KKKT, liliundwa mwaka 1963 kwa kuunganisha makanisa saba. Wameru walikuwa ndani ya Dayosisi ya Kaskazini, yenye makao yake Moshi. Jirani zao Waarusha walipata sinodi yao katika miaka ya 1970, ambayo baadaye ikawa dayosisi. Wameru wakabaki chini ya Moshi, na miaka ilivyokwenda wengi wao wakaanza kuona kwamba sauti yao haifiki mezani, na kwamba uongozi na maendeleo vinabaki Kilimanjaro. Mwaka 1990 dai la kuwa na dayosisi yao likageuka kuwa mgawanyiko wa wazi. Usharika ukagawanyika, ukoo ukagawanyika, nyumba moja ikagawanyika. Waliotaka kujitenga na waliotaka kubaki wakagombea majengo ya ibada. Nyumba zilichomwa, mali zikaharibiwa, watu wakafungwa, na wengine wakapoteza maisha. Serikali ikalazimika kuingilia kati. Hali hiyo iliendelea hadi mwaka 1993.

Mwishowe Dayosisi ya Meru ikapatikana, ndani ya KKKT. Wengine hawakurudi tena. Wakaanzisha kanisa lao, African Mission Evangelical Church, linalojulikana kwa kifupi kama AMEC. Leo makanisa hayo yapo, yanasali, yanazika wafu wao, na watoto wao wanasoma shule moja. Mimi si hakimu wa jambo lile, wala si kazi ya paroko Mkatoliki kuwapangia jirani zake nani alikosea. Ninachokiona ni hiki: kitu kilichodaiwa mwaka 1990 kilikuwa kitu ambacho kingeweza kutolewa, na kwa kweli kilitolewa. Dayosisi ile iliyoonekana haiwezekani iliwezekana. Basi wale waliokufa katikati walikufa kwa ajili ya nini?

Naomba nikae kidogo hapo, maana mtu asiyeijua historia ya Meru anaweza kudhani kwamba watu walichomeana nyumba kwa sababu ya cheo cha askofu. Haiwezi kuwa hivyo tu. Watu hawa ndio walioondolewa kwa nguvu katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, ili wapewe walowezi. Ndio waliomtuma Kirilo Japhet hadi Umoja wa Mataifa mwaka 1952, akasimama mbele ya mabwana wakubwa wa dunia kueleza habari ya wafugaji na wakulima wa mlima ambao wengi wao hawakuwahi kuusikia. Alirudi bila ardhi, lakini jina la Meru likajulikana. Watu waliokwisha kuambiwa mara moja kwamba hiki si chenu, hamuishi tena hapa, hubaki na njaa ya kitu wanachoweza kukiita chao. Njaa hiyo hairidhiki kwa kuambiwa “subirini mkutano mkuu ujao”. Hii ni tafsiri yangu, na Mmeru yeyote ana ruhusa ya kunisahihisha.

Tena ilikuwa miaka ya kuondoka. Zachary Kakobe alianzisha Full Gospel Bible Fellowship mwaka 1989. Moses Kulola aliondoka katika Tanzania Assemblies of God na kuanzisha EAGT mwaka 1991; huduma yake ilivuma nchi nzima mpaka alipofariki mwaka 2013. Mwaka 1992 sheria ya nchi ikaruhusu vyama vingi vya siasa. Nchi iliyokuwa imezoea chama kimoja, duka moja la ushirika na redio moja ilikuwa inajifunza neno jipya: naweza kutoka. Kanisa lipo duniani, na hewa ya dunia huingia madirishani mwake.

Sasa, wapendwa, msije mkaanza kujipongeza kwamba sisi Wakatoliki hayo hayatuhusu. Tunayo hadithi inayofanana na ile ya jirani zetu, ila iliandikwa kwa kalamu tofauti. Jimbo la Arusha nalo lilitoka Moshi. Lilimegwa kutoka Jimbo la Moshi mwaka 1963, mwaka ule ule KKKT ilipoundwa, na askofu wake wa kwanza akawa Dennis Durning, wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mwaka 1999 Arusha ikafanywa Jimbo Kuu, na Moshi, mama yake, akawekwa katika jimbo la kikanisa linaloongozwa na Arusha. Mtoto akawa mkubwa wa mama, na hakuna mgomba hata mmoja uliokatwa. Ni neema kubwa, lazima tuseme hivyo. Lakini tuseme pia ukweli mwingine: hatukuulizwa. Hati ilitoka Roma, ikasomwa, tukapiga vigelegele. Ingekuwa hati ile haikutoka, na sisi tumeisubiri kwa miaka ishirini, sina hakika sana na utulivu wetu.

Tena kwetu mtu haondoki kwa makelele. Huondoka kimyakimya. Mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo anasoma majina, jina moja haliitiki, juma la pili haliitiki, mwezi wa tatu anasema “nadhani amehama”. Hakuhama. Anaishi nyumba ile ile, mita mia mbili kutoka hapo wanaposali. Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Nimekaa na kujiuliza kipi ni kibaya zaidi, kugombania jengo la kanisa kwa sababu kila upande unaamini ni lake, au kumwacha mtu aende zake kwa sababu hakuna aliyeona kwamba hayupo. Jirani zetu angalau walijua wanapoteza kitu.

Na pale Wakatoliki walipoondoka kwa wingi, waliondoka na nyumba nzima mgongoni. Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1960, maelfu ya Wakatoliki wa Nyanza waliacha Kanisa na kuunda Legio Maria. Wakaondoka na rozari, wakaondoka na mavazi ya Misa, wakaondoka na Kilatini. Sisi baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano tukaanza kusali kwa Kiswahili na lugha nyingine za watu, na wao waliotoka wakaendelea kukitunza Kilatini chetu. Huwa natabasamu nikilifikiria, kisha tabasamu linaisha. Maana inaonyesha kwamba mtu anayesema anaanza upya, mara nyingi anaanza na kile alichokipenda mahali alipotoka na hakupewa nafasi ya kukigusa.

Katika imani yetu kuna kitu kimoja ambacho hakianzi upya kamwe, nacho ni ubatizo. Mlutheri anayepokelewa katika Kanisa Katoliki habatizwi tena, maana amekwisha kubatizwa. Jambo hili halikuanza juzi wala halikuanza Ulaya. Lilipiganiwa hapa Afrika, kaskazini, wakati wa Mtakatifu Agostino. Wadonati walikuwa wamejitenga tangu mwanzo wa karne ya nne, wakisema Kanisa limechafuliwa na viongozi waliosaliti wakati wa mateso, na kila aliyejiunga nao walimbatiza upya. Agostino akakataa katakata: ubatizo ni wa Kristo, hauharibiwi na mikono ya mtoaji. Mwaka 411 maaskofu wa pande mbili walikutana Karthago. Kabla ya mkutano, maaskofu Wakatoliki walitoa ahadi ambayo natamani kila kiongozi wa Kanisa aikariri: tukishindwa tutaacha viti vyetu, tukishinda tutavigawana na ndugu zetu waliojitenga. Walishinda. Ila tusifiche, na dola ikatumia nguvu kuwarudisha waliokataa, na Agostino mwenyewe akalikubali hilo. Nguvu ile haikuponya kidonda. Serikali inaweza kuzuia watu wasiuane, na ni wajibu wake, lakini haiwezi kuwafanya wasalimiane.

Maandiko Matakatifu yanatupa habari mbili za kuachana ambazo hazifanani. Ya kwanza iko katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 13. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu wanagombana, malisho hayatoshi. Ni jambo ambalo mtu wa Ngarenanyuki halihitaji kufafanuliwa. Abramu ndiye mkubwa, ndiye aliyepewa ahadi, lakini anamwambia mpwawe achague kwanza. Lutu anachagua bonde lenye maji. Abramu anachukua kilichobaki. Na baadaye Lutu anapotekwa, ni Abramu yule yule anayeamka usiku kwenda kumwokoa. Hakusema, “si alichagua mwenyewe?”

Ya pili iko katika Matendo ya Mitume, mwishoni mwa sura ya 15. Paulo na Barnaba wanakosana juu ya kijana Marko, kwa ukali hata wanaachana. Mmoja anakwenda Kupro, mwingine Siria na Kilikia. Kinachonishangaza ni kwamba Luka, ambaye hueleza mambo mengi kwa undani, hasemi nani alikuwa na haki. Anatuacha hivyo hivyo. Miaka inapita, na katika barua ya pili kwa Timotheo tunamkuta Paulo, mzee na mfungwa, akiagiza aletewe Marko kwa sababu anamfaa kwa huduma. Hatuelezwi walipatanaje. Tunaona tu kwamba hakuna aliyeichoma njia ya kurudia.

Ninapopima kuondoka kwa mtu kanisani, kwa kweli hupima kwa hayo mawili: nani alichagua kwanza, na je, njia ya kurudia ilibaki. Mchungaji anayeondoka na kuacha ofisi, funguo, hesabu na majengo mikononi mwa wale anaowaacha, akaenda kuanzia chini ya mti, naweza kutokubaliana naye katika mengi ya mafundisho, lakini nitamheshimu. Anayeondoka kwa kuwagawa waamini usiku, nyumba kwa nyumba, akitumia siri walizomwambia akiwa mchungaji wao, huyo haanzi kitu kipya. Ule ugomvi aliotoka nao ndio msingi wa nyumba yake mpya, na mara nyingi baada ya miaka michache msaidizi wake naye anamfanyia vile vile. Mabango ya barabarani yanaweza kushuhudia.

Kuna mfano mwingine ambao hatuuzungumzi, nao ulitokea katika mkoa wetu huu wa Arusha. Mwaka 2011 umati wa watu ulikwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa KKKT, Ambilikile Mwasapile, aliyejulikana nchi nzima kama Babu, kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Sisemi kwamba kikombe kile kiliponya. Wapo waliokwenda na kuacha dawa za hospitali, na hilo lilikuwa hatari kubwa. Nataka mtazame jambo lingine. Mzee yule alikuwa na umati ambao hakuna mchungaji wa Tanzania aliyewahi kuwa nao mlangoni pake. Angetaka kuanzisha kanisa lake, angekuwa na waumini wengi kabla ya jua kuzama. Hakuanzisha. Alifariki mwaka 2021 akiwa bado mchungaji mstaafu wa kanisa lililomlea. Sijui kama tulimshukuru kwa hilo.

Sisi mapadre tuna namna yetu ya kuondoka. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 522, inataka paroko awe na uthabiti katika parokia yake, na hapo hapo askofu anaweza kumhamisha kwa ajili ya manufaa ya roho za watu. Barua inakuja. Unakuwa umeanza kujenga nyumba ya masista, umefika kwenye lenta, barua inakuja. Nimeshahamishwa parokia tatu. Unafunga vitabu vyako, unakabidhi hesabu, waamini wanakupa mbuzi na vitenge, unaondoka. Tangu siku hiyo huna mamlaka tena ya kufungisha ndoa katika parokia ile, hata ya mtoto uliyembatiza mwenyewe, mpaka paroko mpya akupe ruhusa. Mlei anaweza kuona huo ni urasimu. Mimi naona Kanisa linajua udhaifu wetu.

Maana jaribu huja kwa simu. Mwezi wa kwanza wanakupigia kukujulia hali. Mwezi wa tatu wanakupigia kukuambia kwamba huyu mpya si kama wewe. Mahubiri yake marefu, anawafokea wanakwaya, amehamisha sanamu ya Mama Maria. Ni sauti tamu sana hiyo kwa masikio ya padre. Ukiipokea na kuiongezea neno moja tu, umeanzisha kanisa lako ndani ya parokia ya mwenzako, bila turubai wala bango. Kwa hiyo sidhani kama tofauti kati yetu na yule mchungaji wa barabarani ni kubwa kama tunavyopenda kuamini. Yeye ana usajili tu.

Sasa nifike nyumbani, maana najua wengi mnasubiri nilitaje na tayari mmeshalitolea hukumu baada ya Misa, pale chini ya mkuyu. Kijana wetu mmoja, aliyekuwa kiongozi wa vijana na mpiga kinanda wa kwaya, ameondoka na kuanzisha huduma yake. Sitamtaja jina, si kwa sababu hamlijui. Wanakwaya kadhaa wamemfuata. Na kinanda kilichonunuliwa kwa michango ya vijana, harambee mbili na mauzo ya mahindi ya kuchoma, kiko kwake.

Mama yake alinijia ofisini. Ni mama wa WAWATA, hajawahi kukosa Misa ya asubuhi. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, “Padre, Jumapili wanazindua lile kanisa. Amenialika nikae mbele. Nikienda nitakuwa nimetenda dhambi?” Nikamwuliza, “Mama, usipokwenda, utakuwa umekwenda wapi?” Akasema, “Nitakaa nyumbani nikilia.” Nilimwambia asali Misa ya kwanza, kisha aende akakae mbele kama mama, kwa maana ni mama kabla ya huduma ile kuwepo na atabaki mama ikivunjika. Nikamwomba asikubali kubatizwa tena, kwa sababu alizozisoma hapo juu kila mmoja wenu. Akacheka kidogo, akasema, “Padre, mimi maji yangu ya kwanza yananitosha.”

Najua wapo walionuna kwa jibu hilo. Mjumbe mmoja wa Halmashauri ya Walei aliniambia waziwazi kwamba naufungua mlango wa kutokea. Namheshimu kwa kusema usoni pangu, na hoja yake ina uzito: paroko anayewarahisishia watu kuondoka atabaki na mabenchi. Namjibu hivi. Mlango wa kutokea haukufunguliwa na mimi. Mtaguso ule wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1964 juu ya umoja wa Wakristo, ulikiri kwamba katika mafarakano ya zamani lawama mara nyingi zilikuwa pande zote mbili. Kama Kanisa zima liliweza kusema hivyo, Halmashauri ya parokia haiwezi kujiuliza kwa nini kijana aliyetumikia kwa miaka tisa hakuwahi kupewa nafasi ya kusema katika kikao hata kimoja, akaambiwa kila mara kwamba vijana watasemewa na mlezi wao?

Wapo wanaotaka twende polisi kwa ajili ya kinanda. Hapo nina maoni, na nayatoa mapema ili asiseme mtu nimewashtukiza. Kinanda ni mali ya vijana wa parokia na kinatakiwa kirudi. Kukiacha kwa jina la upendo ni kuwadhulumu watoto waliosimama juani kuuza mahindi. Lakini kirudi kwa kuketi na kuzungumza. Na wale wanakwaya waliomfuata tusiwadai pamoja na kinanda, kama nilivyosikia mtu akisema “aturudishie vitu vyetu na watu wetu”. Hao si vitu vyetu. Wakirudi watapokelewa bila kusimamishwa mbele ya waamini kuomba radhi. Wasiporudi, majina yao yataendelea kuwa katika kitabu cha ubatizo, ukurasa ule ule, kwa mwandiko wa katekista aliyewaandika. Hatufuti jina la mbatizwa kwa sababu ameondoka.

Na msiba ukitokea kwao, kengele itapigwa na jumuiya itakwenda na kuni na maji kama ilivyo desturi. Wakati wa mgogoro wa Meru, wazee wanasema, kilichouma kuliko yote kilikuwa ni mazishi: watu wa ukoo mmoja kusimama mbali na kaburi la ndugu yao kwa sababu ya nani anaongoza ibada. Sitaki kulisikia hilo katika parokia hii.

Halmashauri itakutana juu ya suala la kinanda Jumamosi, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa parokia. Nimemwalika na kijana mwenyewe, aje na mtu mmoja amtakaye. Ameniandikia kwamba atakuja, na ameuliza kama anaweza kuja na mama yake.